Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Spika: Ripoti ya CAG ikishasomwa, kinafuata nini?

Kwa Mheshimiwa Spika,
Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Nakala: Wenyeviti wa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC).

YAH: HATIMA YA HOJA ZA MDHIBITI NA MKAGUZI MKUU WA HESABU ZA SERIKALI (CAG)

Mheshimiwa Spika,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na baada ya kustaafu wananchi wa kata yangu walinipa dhamana ya ukatibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati. Nakuandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimetuishia. Kamati yetu ilimwandikia mkurugenzi wa halmashauri, ikamwandikia mkuu wa wilaya, ikapanda hadi mkoani, na nakala tukampelekea mbunge wetu. Pale tulipojibiwa, tulielezwa kwamba suala letu linafanyiwa kazi. Halmashauri yenyewe sitaitaja hapa, kwa kuwa tuliyoyaona kwetu Mkaguzi Mkuu ameyaeleza mwaka baada ya mwaka kuhusu halmashauri nyingi, na nisingependa jambo la nchi nzima ligeuke kuwa ugomvi wa watu wa wilaya moja na mkurugenzi wao.

Ninalotaka kusema ni hili: ripoti tunazo, na ni nzuri. Kinachokosekana ni hatua zinazopaswa kufuata baada ya ripoti, na sehemu kubwa ya hatua hizo imo mikononi mwa Bunge unaloliongoza.

1. Muda unaopita kati ya fedha kuchotwa na mtu kuulizwa

Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu akabidhi ripoti kwa Rais, na Rais aagize iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Hilo linatekelezwa, na nalishukuru kwa dhati. Lakini tuangalie kinachofuata. Ripoti za mwaka wa fedha 2021/22 zilifika bungeni Aprili 2023, na Bunge zima likakaa kuzijadili Novemba 2023. Shilingi iliyochotwa Julai 2021, mwanzoni kabisa mwa mwaka ule wa fedha, ilisubiri zaidi ya miaka miwili kabla mbunge hajasimama kuiulizia. Katika muda huo mkurugenzi ameshahamishwa, mweka hazina amestaafu, mkandarasi amefunga kampuni na kufungua nyingine kwa jina jipya, na hati za malipo hazionekani tena kwenye majalada.

Lililo zito zaidi ni kwamba ripoti huwekwa mezani katika Bunge la bajeti, lile linaloanza Aprili na kumalizika Juni. Maana yake ni kwamba wabunge wanaipokea ripoti inayosema fedha za wizara au halmashauri fulani zimepotea, na wiki chache baadaye wanaipitishia wizara hiyo hiyo, au halmashauri hiyo hiyo, fedha za mwaka mwingine, huku mjadala wa zile zilizopotea ukisubiri miezi ya mwisho wa mwaka. Mheshimiwa Spika, hakuna kikundi cha kuweka na kukopa katika kata yetu kinachompa mwanachama mkopo wa pili kabla hajaeleza ule wa kwanza uko wapi.

Najua nitajibiwa kwamba kamati zinahitaji muda wa kuwahoji maofisa masuuli, yaani watendaji wakuu wanaowajibika kwa fedha za taasisi zao, na kwamba ripoti ni nyingi. Ni kweli. Hata hivyo, si kila hoja ina uzito ule ule. Hoja ya risiti iliyoandikwa vibaya inaweza kungoja Novemba. Fedha zilizokusanywa na hazikufika benki haziwezi kungoja, na kamati zina mamlaka ya kuanza na hizo.

2. Kujiuzulu kumefanywa kuwa mwisho wa kesi

Watu wa umri wangu tumeyashuhudia mambo haya yakijirudia. Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame na mabwawa yakiwa yamekauka, mkataba wa umeme wa dharura ulitolewa kwa Richmond, kampuni ambayo haikuwa na uwezo wa kuuzalisha. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ilifanya kazi ambayo hadi leo naiona kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za Bunge letu, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri wawili. Wananchi tuliamini kwamba ukurasa umefunguliwa. Kumbe ulikuwa unafungwa. Lowassa hakufikishwa mahakamani kwa suala lile. Alikwenda kaburini Februari 2024 bila hakimu yeyote kusema alikosa au hakukosa. Huko ni kuwanyima haki wananchi, na ni kumnyima haki yeye pia, kwa kuwa mtuhumiwa ana haki ya kusafishwa kama ilivyo haki yetu kuona mwenye hatia anaadhibiwa.

Katika miezi hiyo hiyo tulikuwa na EPA. Zaidi ya Shilingi bilioni 133 zilitoka katika akaunti ya madeni ya nje ya Benki Kuu mwaka wa fedha 2005/06 na kulipwa kampuni 22, nyingine kwa nyaraka za kughushi. Gavana aliondolewa Januari 2008. Kisha Serikali ikatangaza kwamba watakaorejesha fedha kabla ya mwisho wa Oktoba mwaka ule hawatafikishwa mahakamani. Baadhi walirejesha, baadhi wakashtakiwa. Naelewa hamu ya kuziokoa fedha za umma, na sidharau hata shilingi moja iliyorudi. Lakini somo ambalo taifa lilijifunza siku ile ni kwamba ukiiba kiasi kikubwa cha kutosha utapewa tarehe ya kurejesha, ilhali karani aliyechukua fedha za ushuru wa mnada anakwenda gerezani.

Halafu ikaja Tegeta Escrow. Akaunti ile ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kutunza fedha zilizobishaniwa kati ya shirika la umeme la TANESCO na IPTL, kampuni binafsi iliyoliuzia umeme, na mwishoni mwa mwaka 2013 zaidi ya Shilingi bilioni 300 zikatolewa humo. Kamati ya PAC, chini ya uenyekiti wa Zitto Kabwe, iliwasilisha ripoti yake Novemba 2014 ikitumia ukaguzi wa CAG, na mijadala yake tuliifuatilia redioni hadi usiku. Wahisani walizuia misaada yao ya bajeti. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu Desemba, waziri mmoja akaondolewa mwezi huo huo, mwingine akajiuzulu Januari 2015. Mwaka 2017 wafanyabiashara wawili walishtakiwa na kukaa mahabusu takribani miaka minne. Mwaka 2021 mmoja akamalizana na Jamhuri kwa makubaliano, mwingine akafutiwa mashtaka. Mwananchi aliyetaka kujua kwa uhakika nani alikosa nini hakupata jibu kutoka katika hukumu iliyosikilizwa mpaka mwisho.

Mheshimiwa Spika, uwajibikaji wa kisiasa ni jambo jema, na nawaheshimu wanaojiuzulu kuliko wanaong'ang'ania. Ila Bunge limekuwa likipitisha maazimio mazito, kisha likaacha kuyafuatilia pindi waziri anapotoka ofisini.

3. Yanayotokea kwenye halmashauri, ambako Serikali ndiko inakoonekana kwa macho

Magazeti huandika mabilioni ya Dodoma na Dar es Salaam. Nchi lakini inaaminika au haiaminiki kwenye ofisi ya kata. Tangu ushuru uanze kukusanywa kwa mashine za POS, zile za kielektroniki zinazotoa risiti, mfumo unaonyesha kiasi alichokusanya kila wakala, na bado Mkaguzi Mkuu anaendelea kuripoti makusanyo ambayo hayakupelekwa benki. Mkulima amelipa ushuru wa mazao kizuizini, risiti anayo mfukoni, mashine imeandika, ila benki hakuna kitu. Hapa hakuna fumbo la kuchunguzwa kwa miaka. Jina la aliyekuwa na mashine linajulikana.

Iko pia mikopo ya asilimia 10. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni miongoni mwa sheria nzuri zaidi ambazo Bunge hili limewahi kutunga. Hata hivyo ripoti za ukaguzi zikafichua vikundi hewa na marejesho yasiyokusanywa, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo yote mpaka ilipoanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Waliounda vikundi hewa walikuwa wameshapata walichokitaka. Walioumia ni akina mama wa ushonaji na ufugaji waliokuwa wakirejesha kila mwezi na wakingojea awamu yao ya pili. Wao ndio walioadhibiwa, tena kwa kosa la watu waliotia saini kuthibitisha vikundi ambavyo havikuwapo. Maofisa hao wangapi wameshtakiwa? Swali hilo lilistahili kujibiwa bungeni kabla mikopo haijaanza upya.

Sasa nije kwenye zahanati yetu, kwa ufupi. Utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wanyanyue boma hadi usawa wa lenta, kisha halmashauri ikamilishe. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakachanga fedha ambazo wengine waliuza kuku na mbuzi kuzipata, na boma likafika lenta. Fedha za ukamilishaji zilitengwa, na vitabu vinaonyesha zimetumika. Boma halina paa. Tulipoomba kuona hati za malipo tuliambiwa ziko kwa wakaguzi. Upande wa ukaguzi tukaelezwa kwamba hazikuwasilishwa. Wajawazito wa kata hii bado wanapandishwa bodaboda usiku kufuata huduma kata ya mbali.

Na madhara hayakuishia kwenye jengo. Serikali ya kijiji ilipoitisha mchango wa madarasa, wazee wale wale waliokuwa mstari wa mbele kwenye zahanati walikataa mkutanoni, wakataka kwanza waonyeshwe matumizi ya ule mchango wa awali. Mimi niliyewahamasisha mara ya kwanza sikuwa na la kuwajibu. Ofisa aliyechukua fedha za mabati na mbao alichukua pia ule utayari wa watu kujitolea, ambao umeijenga nchi hii tangu enzi za uhuru, na utayari huo hakuna fungu la bajeti linaloweza kuurejesha. Dukani mambo ni hayo hayo: muuzaji anauliza kama unataka bei ya risiti au bei bila risiti, na mnunuzi anachagua bila risiti huku akisema wazi kwamba haoni sababu ya kuchangia mfuko unaochotwa. Simwungi mkono, kwa sababu kodi ndiyo inayolipa muuguzi na mwalimu, ila kumshawishi kumekuwa kugumu.

4. Ulinzi wa mkaguzi mwenyewe

Desemba 2018, Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, aliulizwa na Redio ya Umoja wa Mataifa kuhusu hoja zake kutofanyiwa kazi, akasema kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Kwa kauli hiyo aliitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge Januari 2019, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba 2019 nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba.

Sina nia ya kufufua ugomvi wa viongozi waliokwisha kutoka madarakani. Lakini kila mkaguzi kijana anayetumwa wilayani anaijua habari hiyo. Anajua kwamba mkuu wa ofisi yake, mtu mwenye ulinzi wa Katiba, alipata msukosuko kwa kusema alichokiona. Yeye asiye na ulinzi huo tunamtarajia aandike nini kuhusu mkurugenzi anayempa gari, chumba cha ofisi na majalada ya kukagua?

5. Gharama za kuupata ubunge

Hili nitaligusa tu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na ilibidi Mahakama Kuu iibatilishe mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ipo, lakini kila msimu wa kura za maoni wananchi wanaona bahasha zinavyotembea. Mbunge aliyetumia fedha nyingi kuingia bungeni anakaa kwenye kamati ya hesabu akiwa na deni la kurudisha, na anayemdai pengine ndiye mkandarasi anayetajwa katika ripoti iliyo mezani kwake. Wengi wenu mliapa, tangu mkiwa vijana wa chama, kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba hamtapokea wala kutoa rushwa. Nawaomba mlichukulie neno hilo kwa uzito wake.

Mheshimiwa Spika, najua majibu yatakayotolewa, na ningependa kuyazungumzia mapema. Litasemwa kwanza kwamba halmashauri nyingi zimepata hati safi. Hati safi inathibitisha kwamba vitabu vimeandaliwa kwa kufuata kanuni za uhasibu na vinaonyesha hali halisi ya hesabu katika mambo ya msingi. Haithibitishi kwamba hakuna aliyeiba, wala kwamba boma lina paa. Wakurugenzi wanaotundika hati hiyo ukutani kama cheti cha uaminifu wanawapotosha madiwani, na madiwani wengi hawajaelezwa tofauti hiyo.

Litasemwa pia kwamba hoja ya ukaguzi si hukumu. Nakubali kabisa, na ndiyo maana naomba hoja hizo zifike kwa wenye kazi ya kuchunguza na kuhukumu, badala ya kufungwa kwa barua kati ya ofisi na ofisi. Litasemwa kwamba Tanzania imepanda katika vipimo vya kimataifa, kutoka alama 30 mwaka 2015 hadi 41 mwaka 2024 katika kipimo cha Transparency International. Nafurahi kwa kupanda huko, na wapo watumishi waaminifu waliolifanyia kazi jambo hilo. Lakini alama hizo ni kati ya 100.

Wengine watasema wananchi wamezoea na hawajali. Si kweli. Mwaka 2005 waliojitokeza kupiga kura walikuwa zaidi ya asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2010, baada ya Richmond na EPA, walishuka hadi karibu asilimia 43. Sisemi sababu ilikuwa hiyo peke yake. Mwaka 2015 walirudi kwa wingi, zaidi ya asilimia 65, miezi michache baada ya Escrow, na wengi walikuja wakitafuta mabadiliko. Watu hao wanajali. Wanachopima ni kama kujali kwao kunabadilisha lolote.

Kwa hiyo naliomba Bunge, kupitia kwako, yafuatayo:

(i) Hoja zinazohusu fedha zilizokusanywa bila kupelekwa benki, malipo yasiyo na hati na miradi iliyolipwa bila kukamilika zijadiliwe ndani ya Bunge la bajeti lenyewe, kabla fedha za taasisi husika hazijapitishwa.

(ii) Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 tayari inawataka maofisa masuuli watoe majibu na mpango wa utekelezaji, na Mlipaji Mkuu wa Serikali ayakusanye. Majibu hayo yachapishwe kwa Kiswahili, hoja kwa hoja, yakionyesha kiasi cha fedha, cheo cha mhusika, na kama jalada liko kwa taasisi ya kupambana na rushwa (TAKUKURU), kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au mahakamani. Sehemu inayoihusu kila halmashauri ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote.

(iii) Ofisa mwenye hoja ya upotevu ambayo haijajibiwa asihamishwe wala kupandishwa cheo mpaka ajibu. Uhamisho umekuwa njia ya kuzika hoja, na Bunge linaweza kuitaka Serikali ilete kanuni kuhusu jambo hili katika mkutano mmoja tu.

(iv) Azimio la Aprili 2019 la kutofanya kazi na Profesa Assad lifutwe rasmi na liingie hivyo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, ili wakaguzi wote wajue msimamo wa Bunge la sasa.

(v) Maazimio ya Bunge kuhusu Richmond na Tegeta Escrow yaletewe taarifa ya mwisho: lipi lilitekelezwa, lipi halikutekelezwa, na kwa nini.

Vielelezo vya kamati yetu, yaani mihtasari ya mikutano, orodha ya michango ya wananchi, picha za boma na nakala za barua zote tulizoandika, vinapelekwa Ofisi ya Katibu wa Bunge pamoja na nakala ya barua hii, vikiwa na jina la halmashauri. Naiomba LAAC ivipitie, imwite ofisa masuuli aeleze fedha za ukamilishaji zilikwenda wapi, na itujibu kwa maandishi. Jibu hilo nitalisoma kwenye mkutano wa kijiji kama lilivyo, liwe linatupa haki au linatukosoa.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu, Kamati ya Ujenzi wa Zahanati ya Kata